Zamu ya Kupita

Kwa miaka michache Mombasa ilikuwa na daraja lililojua kujiondoa njiani. Lilielea juu ya maji ya Kilindini, kutoka Liwatoni upande wa kisiwani hadi Ras Bofu upande wa Likoni: zaidi ya mita 800 za vipande vilivyoungwa kimoja kwa kingine, kwa ajili ya waendao kwa miguu. Meli ilipotaka kuingia bandarini, kipande cha katikati kilisogezwa kando, ikapita, kikarudishwa mahali pake. Lilijengwa haraka mwaka 2020, wakati wa korona, kwa sababu serikali ya Kenya iliogopa msongamano wa kivuko cha Likoni, ambacho huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku. Liligharimu shilingi bilioni 1.9 za Kenya. Watu walianza kulipita mwanzoni mwa 2021. Mwaka 2024 likaanza kubomolewa.

Nayaandika haya nikiwa Chapwa, mahali ambapo bahari ni habari inayoletwa na malori. Chapwa ni kata ya mji wa Tunduma, mkoani Songwe, kwenye uwanda wa juu kati ya Ziwa Nyasa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Hatuna mlangobahari, hatuna meli, na samaki wetu wengi hufika wakiwa wamekaushwa. Daraja la kupisha meli linanihusu kwa sababu moja tu: ninaishi karibu na geti la mpaka wa Zambia. Chuma cha geti kikiinuka barabara inaungana, kikishuka inakatika. Daraja la kuinuliwa hufanya kinyume chake, likiinuka ndipo njia inapokatika, lakini anayengoja chini haoni tofauti kubwa.

Daraja la kawaida humtambua msafiri mmoja, yule wa juu, na wa chini hupita kama atatosha. Daraja linalofunguka limejengwa juu ya ugomvi unaojulikana tangu siku ya kwanza. Wa barabarani anataka litulie, wa majini anataka liondoke, na hakuna ufundi utakaowaridhisha wote wawili katika dakika moja. Kazi ya mhandisi inabaki kuwa kugawa dakika. Injini, minyororo na vyuma vizito vya kusawazisha uzito vyote vinaitumikia karatasi moja, ratiba, na mtu mwenye akili akiliona daraja la namna hiyo atauliza kwanza nani aliyeiandika.

Pale Liwatoni jibu lilikuwepo hata kabla ya kipande cha kwanza kuwekwa majini. Bandari ya Mombasa inailisha Kenya, na nyuma ya Kenya kuna Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo ya mashariki. Karibu kila meli inayokwenda kushusha kontena au ngano hapo ilipaswa kupita penye daraja. Waliokuwa juu ya daraja walikuwa vibarua, wanafunzi, wauza mboga, walinzi wa usiku wanaorudi nyumbani. Walipewa asubuhi na jioni, saa za kwenda kazini na kurudi. Mchana ukawa wa meli. Bandari ikalalamika kwamba hata hizo saa za watembea kwa miguu zinachelewesha meli. Na meli moja ikichelewa, gharama yake inaandikwa kwenye vitabu vya kampuni. Mama akichelewa na kapu lake la mchicha, gharama hiyo haina kitabu. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Wahandisi wa Liwatoni walijaribu kumpisha kwa ratiba, ikawa haitoshi, na mwisho akapishwa moja kwa moja.

Siwacheki waliolijenga. Kuna watu wanaolizungumzia daraja lile kama kichekesho, na bei yake inawasaidia. Mimi naona lilikuwa jaribio la haki lililowekwa mahali pasipo na haki. Ukitaka kujua kwa nini watu wa ng'ambo ya Likoni walitamani kitu cha kukanyaga ambacho hakiwezi kuzama, kumbuka Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka kikiwa kimejaa kupita kiasi, na watu 272 wakafa katika maji yaleyale ya Kilindini, umbali wa kutupa jiwe kutoka gatini. Wengi walikuwa wakienda kazini. Tangu siku ile, kila mpango wa kuvuka maji yale unasikilizwa na watu waliozika.

Na kivuko chenyewe, ukikitazama vizuri, ni daraja linalofunguka lililogeuzwa. Kwenye daraja, kinachosogea ni kipande cha katikati na watu wanasubiri. Kwenye pantoni kipande cha katikati kinasogea na watu wakiwa juu yake. Sheria haibadiliki. Meli kubwa ikiingia Kilindini, pantoni za Likoni hungoja. Sasa upo mpango wa daraja la juu kabisa, unaosaidiwa na Japani, ambalo meli zitapita chini yake bila kumuuliza mtu.

Upande wetu wa Tanzania, makazi mawili ya pwani yanayotazamana ambayo hunijia kwanza akilini ni Pangani na Bweni. Kwa haki, Pangani ni mji, tena mji wenye kumbukumbu nzito: hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim mwezi Desemba 1889, baada ya pwani nzima kusimama dhidi yao. Bweni ni kijiji, upande wa kusini wa mto, kwenye mwinuko wenye minazi. Katikati yao Mto Pangani unaingia baharini ukiwa umebeba maji ya Kilimanjaro na Meru. Anayetoka mjini kwenda Bweni hupanda pantoni pamoja na bodaboda, magunia, kuku na mwalimu mwenye daftari zake. Mashua za uvuvi hutoka na kuingia katikati ya watu hao, zikifuata maji kujaa na maji kupwa, na nahodha wa pantoni anazijua kama anavyowajua majirani. Hakuna ratiba iliyobandikwa ya nani ampishe nani. Wanatazamana tu, mmoja anapunguza mwendo.

Sasa Pangani inajengewa daraja la mita 525, sehemu ya barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga. Ni la zege, na limeinuliwa vya kutosha ili vyombo vipite chini. Wagonjwa watafika hospitali usiku, jambo ambalo pantoni haikuweza kuliahidi, na kwa hilo tu lingestahili kila mfuko wa saruji. Lakini linafanya kazi moja ambayo haijaandikwa kwenye mchoro: linafuta zamu. Mwenye gari hatamwona tena mwenye mashua. Anayeuza kahawa na kashata gatini Bweni amejenga biashara yake juu ya dakika ambazo watu hawana la kufanya, na dakika hizo zinahamishwa kutoka kwake bila fidia, maana mthamini hupima minazi na kuta, hapimi kusubiri. Ilikuwa hivyo Kilifi pia, Kenya, daraja lilipofunguliwa mwaka 1991 kati ya mji na Mnarani; waliokuwa wakiuza korosho kwenye foleni ya kivuko walijikuta wanaangaliwa na magari yanayopita mbio.

Kwa hiyo njia ya kumaliza ugomvi wa wa juu na wa chini ni fedha. Ukiwa nazo za kutosha, unajenga juu sana, na kila mmoja anakwenda zake asijue kuwa mwenzake yupo. Dar es Salaam ilifanya hivyo Kigamboni, kwa mita 680 za Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016. Daraja linalofunguka ni la wale ambao fedha zao ziliishia katikati, au ambao mji wao ulikuwa tambarare na umebanana mno kiasi kwamba daraja refu kwenda juu lingemeza mitaa.

London ilikuwa hivyo. Tower Bridge, lililofunguliwa mwaka 1894, lina mabawa mawili yanayoinuka, na sheria yake bado inaipa meli kipaumbele mbele ya barabara. Nahodha mwenye chombo kirefu anatoa taarifa saa 24 kabla, halipi chochote, na saa ikifika magari ya jiji zima la fedha yanasimama ili apite, hata kama ni tajiri na wageni wake walio kwenye mashua ya starehe. Mabawa huinuliwa mara 800 hivi kwa mwaka. Wakati sheria inatungwa, sehemu ile ya mto ilikuwa imejaa meli za biashara na kuzizuia kungekuwa kuua mji. Meli za mizigo ziliondoka zamani, haki yao ikabaki. Huwa nafikiria watembea kwa miguu wa Liwatoni wangefika mbali kiasi gani wangekuwa na haki kongwe namna hiyo, iliyoandikwa kabla bandari haijawa kubwa.

Kuna kisa cha daraja lile ambacho hakiwezi kurukwa katika mji wa madereva. Usiku wa tarehe 30 Desemba 1952, dereva wa basi namba 78, Albert Gunter, alijikuta juu ya bawa ambalo lilikuwa limeanza kuinuka chini ya magurudumu yake, bila kengele kupigwa. Hakushika breki. Alikanyaga mafuta, basi likaruka pengo na kutua kwenye bawa la pili. Hakufa mtu. Dereva wa semi wa hapa kwetu akisimuliwa hayo atauliza kwanza alilipwa ngapi. Alipewa pauni 10.

Lakini si kila daraja la kuinuliwa lilijengwa kwa ajili ya meli. Ngome za Ulaya ya kale zilikuwa na yao, ya mbao na minyororo, juu ya handaki lenye maji. Likiinuliwa lile, hakuna meli iliyopita chini. Hakuna aliyefaidi zaidi ya waliokuwa ndani. Daraja la bandarini hufungia watu njia ili mwingine apite, na yule anayengoja anaweza angalau kumwona anayengojewa. Daraja la ngome hufunga kwa hofu, na anayengoja anatazama ubao uliosimama wima. Kwa macho ni chombo kimoja. Mimi najiuliza geti letu la Tunduma ni la ukoo gani, na jibu langu linabadilika kulingana na mwaka.

Mstari ambao geti limewekwa juu yake ulianza kwa karatasi. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliutaja mto Songwe, kisha ukautaja ukingo wa bonde la Kongo kama wanajiografia walivyolieleza, na barabara ya Stevenson, ile iliyoitwa kwa jina la mfanyabiashara wa Uskochi aliyetaka kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ikabaki upande wa Mwingereza. Mwaka 1898 wakaja wapimaji wa pande zote mbili na vyombo vyao, na mwaka 1901 kazi yao ikatiwa saini. Wanyamwanga wakajikuta huku na kule. Kaka Tunduma, dada Nakonde, upande wa Zambia. Msiba mmoja, serikali mbili.

Nakiri kwamba wale wapimaji waliona kitu kimoja cha kweli. Mvua inayonyesha kwenye uwanda huu inagawanyika. Inayoteremkia Mto Songwe huenda Ziwa Nyasa, ikashuka Shire, ikaingia Zambezi, ikafika Bahari ya Hindi. Inayoangukia upande wa Chambeshi, Zambia, inaanza safari ya Kongo na kuishia Atlantiki. Ile ya Momba inakwenda Ziwa Rukwa na kukomea hapo, maana Rukwa haina mlango wa kutokea. Hata hivyo maji hayakuwaheshimu sana waliochora. Songwe, ambao ndio mpaka wetu na Malawi, una tabia ya kuhama njia yake kwenye tambarare karibu na ziwa, na mkulima aliyelala nchi moja anaamka shamba lake liko ng'ambo. Serikali mbili zimekuwa zikipanga kuutuliza mto huo kwa pamoja. Ni kazi ngumu kuliko kupaka rangi geti.

Nikirudi kwenye geti lenyewe. Barabara ya Tanzam iliwekwa lami kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Zambia ilipokuwa inatafuta njia ya baharini isiyopita kwa makaburu wa kusini. Tangu hapo mizigo haijaacha kuongezeka. Shaba ya Zambia na ya Kongo inakuja, mafuta, mbolea, magari na ngano zinakwenda. Malori yanapanga foleni iliyo ndefu kuliko mji. Siku mbaya mkia wake unaikuta Mpemba, pale barabara ya Isongole inapochepukia, na watu wa Chapwa wanajua hali ya mpakani kwa kutazama tu barabara kuu, bila kusikiliza redio.

Hapa ndipo Tunduma inapoipindua Kilindini. Baharini kizito hupita na chepesi hungoja. Kwetu kizito ndicho kinachongoja. Semi yenye shaba ya thamani ambayo sitaki hata kuikadiria inakaa siku inatazamana na kichaka, huku mama mwenye beseni la nyanya akivuka kwenda Nakonde, anauza, anarudi na mafuta ya kupikia, na jioni anavuka tena kumpelekea mkwe wake unga. Bidhaa nyingine hupita kwenye njia za panya, jina ambalo nadhani liliwaonea wavukaji: panya hapiti namna ile mchana kweupe, akiwa na mtoto mgongoni, akisalimia askari kwa jina. Kwa mtu wa Tunduma kufika Nakonde ni kuvuka barabara. Kwa dereva aliyetoka Kolwezi, Kongo, ni nyaraka, mizani, wakala wa forodha, malipo, muhuri, na simu isiyopokelewa.

Sidai kuwa mpangilio huu ni wa haki zaidi ya ule wa Mombasa. Dereva naye ni mtembea kwa miguu aliyepewa lori la mtu. Meli ikichelewa, tajiri hulia. Lori likichelewa, kwanza huisha posho ya dereva na tandiboi wake, tajiri hulia baadaye. Lakini nimelitazama jambo hili muda mrefu, na nadhani mtu mwepesi hupita Tunduma kwa sababu mstari ulimkuta hapa. Meli za London zilibaki na haki yao kwa kutangulia. Mama wa nyanya vilevile, isipokuwa yake haikuandikwa popote, na siku yoyote anaweza kuambiwa haipo.

Siku hiyo ilifika. Mei 2020 maambukizi ya korona yalipoongezeka Nakonde, serikali ya Zambia ilitangaza kuufunga mpaka. Siku chache baadaye ikaruhusu mizigo ipite tena. Zile siku chache zilitosha kuonyesha kile ambacho geti linaweza kuwa likitaka. Hakuna aliyekuwa anapishwa. Malori yalisimama kwa mkia usioonekana mwisho, na mama wa nyanya, kwa mara ya kwanza katika maisha ya wengi wetu, akawa mgeni kwa mkwewe. Bawa la ngome lilikuwa limeinuliwa. Silaumu uamuzi, watu walikuwa wanakufa duniani kote. Natambua tu kwamba lilipoteremshwa, waliotangulia kupita walikuwa mizigo. Kilindini ilikuwa imefika Tunduma kwa muda.

Viko vinavyopita bila kuuliza zamu ya mtu. Sehemu ya mafuta ilipewa njia yake chini ya ardhi tangu 1968, kwenye bomba la TAZAMA lenye kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, ambalo huvuka mpaka kwenye eneo hilihili na hakuna anayelisikia. Treni ya TAZARA nayo ilipewa reli yake, kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976, na ikichelewa inachelewa kwa sababu zake yenyewe. Bomba na reli ndiyo madaraja yetu ya juu sana. Fedha za watu zilitumika ili vitu fulani visikutane na geti. Lori ndilo lililobaki na watu.

Na mji umelelewa na lori lililosimama. Wakinga waliokuja na maduka ya vipuri, Wanyiha na Wandali wenye mahindi na maharage, Wanyakyusa wenye ndizi, vijana wa kwacha na shilingi wanaofanya hesabu ya kubadilisha fedha kichwani haraka kuliko simu, gesti zenye majina ya miji ya mbali, mafundi wa tairi, wauza vocha, wanawake wa mabucha ya nyama choma: ondoa foleni, uniambie watabaki wangapi. Kuna ubaya uliolelewa pia, sitaki kuupaka sukari. Magonjwa yalisafiri kwenye barabara hii kabla ya dawa, na wasichana wengi walilipia kusubiri kwa wanaume wengine. Mji unaoishi kwa kungoja kwa watu huwa na uchangamfu ambao ukiuchunguza unakuta umekopwa.

Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walizindua kituo cha huduma za pamoja, Tunduma na Nakonde. Utaratibu wake ni rahisi kueleza: anayekwenda Zambia anamaliza shughuli za nchi zote mbili upande wa Nakonde, anayekuja Tanzania anazimaliza upande wetu, maofisa wa nchi mbili wakiwa chini ya paa moja. Walioeleza faida zake walizungumza juu ya saa zitakazookolewa. Mimi nilipenda jambo dogo zaidi. Kwenye daraja linalofunguka kuna kibanda, na ndani yake mtu ambaye kazi yake ni kuona pande zote mbili kwa wakati mmoja, foleni ya barabarani na mlingoti unaokuja. Mpaka wetu haukuwahi kuwa na mtu wa namna hiyo. Kila upande uliona mkia wake. Chini ya paa moja, angalau kwa nadharia, ofisa wa Zambia na wa Tanzania wanaweza kutazama dirisha moja na kuona lori lilelile.

Yule wa kibandani ana wajibu wa pili, nao hatujaufikia. Huwaambia watu. Jijini Saint Petersburg, Urusi, madaraja ya mto Neva hufunguliwa usiku mto usipokuwa na barafu, na kila mkazi anajua saa ya daraja lake. Akichelewa kwenye sherehe, amejifungia mwenyewe ng'ambo hadi alfajiri, hana wa kumlaumu. Saa za Tower Bridge hutangazwa mapema na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Dereva aliyeko Mpemba anamuuliza tandiboi, tandiboi anamuuliza dereva wa mbele, wa mbele amesikia kwa wakala, wakala anasema mtandao uko chini, na habari inarudi nyuma lori kwa lori ikiongezeka chumvi, hadi ikifika Chapwa imekuwa mgomo au ujio wa waziri. Nimesikia watu wazima wakibishana kwa hasira juu ya sababu ya foleni ambayo wakati huo ilikuwa imeshaanza kutembea.

Kungoja kunakojulikana mwisho wake mtu hukupangia: analala, anafua, anampigia mkewe, anatafuta mjumbe wa mtaa kwa shughuli yake. Kusikojulikana humweka ameshika usukani, hawezi hata kwenda kujisaidia kwa amani. Gharama ya ubao mmoja wa matangazo pale Mpemba, unaosema malori mangapi yamevuka tangu asubuhi na mangapi yako mbele, haiwezi kufika hata tairi za semi moja. Na ubao mdogo wa pili, karibu na geti, kwa ajili ya mama wa beseni: saa zake na haki zake, kwa Kiswahili na Kinyamwanga, ili siku nyingine bawa likiinuliwa awe na maandishi ya kumwonyesha mtu.

Nilimweleza wazo la ubao wa kwanza mama ntilie mmoja anayepika kando ya barabara kuu. Hakulipenda. Dereva akijua foleni inatembea saa nane, alisema, hatakunywa chai ya pili. Akafikiri kidogo, huku anageuza chapati, akaniuliza kama ubao huo ungeandikwa usiku, kabla hajapima mchele wa kesho.